Moyo Mkubwa wa Mzee wa Ploti

Hakuna aliyempita Mzee wa Ploti kwenye ngazi hivi hivi. Ungekuwa umebeba mtungi wa gesi, ungekuwa umechelewa kazini, ungekuwa na mtoto mgongoni anayelia, angekusimamisha tu pale kwenye kona kati ya orofa na orofa, mkono mmoja umeshika chuma cha ngazi, fimbo imebanwa kwapani, na salamu zianze. "Takwenya," anasema. Nami naitikia "Iko," kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, mwaka niliohamia Kitengela, kwamba mwanamke akisalimiwa na mzee wa Kimasai ndivyo anavyojibu. Baada ya hapo anauliza watoto, anauliza mama yangu kule Makueni, anauliza mvua ya Makueni, kisha anauliza ng'ombe.

Hapo kwenye ng'ombe ndipo nilipokuwa nakwama. Mimi ni Mkamba wa kushona nguo kiwandani Athi River, na ng'ombe wa mwisho wa kwetu aliuzwa kabla sijaolewa. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akanitazama kwa huruma nyingi mno, akanipa pole kana kwamba nimefiwa. Mara ya pili nikaona afadhali uongo. Nikamwambia tuko na mmoja, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Tangu siku hiyo ng'ombe huyo aliulizwa kila tulipokutana. Alishika mimba, akazaa, akaugua kwato, akapona. Mzee alijua vizuri kwamba hayupo. Nilijua kwamba anajua siku aliponiuliza, bila hata kutabasamu, kama bado anashiba hewa.

Mume wangu, Baba Mwende, alipofariki, Mzee alitoa pikapu yake itubebe hadi Makueni, na yeye mwenyewe akakaa nyuma na vijana, juu ya viti vya kukodi, vumbi lote likimwishia usoni. Baada ya mazishi alizunguka boma la wakwe zangu pole pole akikagua, mikono nyuma. Kisha akaja akainama karibu na sikio langu akaniambia ng'ombe wangu amejificha vizuri sana. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nifiwe, na wakwe zangu waliniangalia vibaya, lakini mpaka leo namshukuru kwa kicheko kile.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali wa maji, mkali wa taka, mkali wa watoto wanaocheza mpira kwenye paa. Akigombana na mpangaji angeweza kukaa bila kumsemesha mwezi mzima, isipokuwa salamu. Salamu hakumnyima mtu. Angesimama mbele ya mtu waliyekosana naye, amuulize watoto, amuulize mvua, amalize yote ipasavyo, kisha apite akiwa bado amenuna.

Ardhi ile ilikuwa ya kwao kabla haijawa mji. Alikuwa ameuza kipande hapa na kipande pale, na kwenye kile kilichobaki akainua jengo la orofa nne, la mawe, lenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai. Alilipenda jengo lile kupita kiasi. Aliweza kukuonyesha jikoni kwako mahali ndama walipokuwa wakilala, na bafuni kwako mahali mama yake alipokuwa akikama, na hakuna huzuni yoyote uliyoisikia kwenye sauti yake. Alikuwa akijisifu. Watu wa rika lake waliokuwa wamebaki upande wa Kajiado kwenye ng'ombe, alisema, bado wanaomba mvua, na yeye mvua isiponyesha wapangaji bado wanalala ndani.

Yeye na mkewe, ambaye sote tulimwita Yeiyo kwa sababu ndivyo Wamasai wanavyomwita mama, walijiwekea nyumba ya juu kabisa. Watu walimshangaa, kwa sababu ploti ile haina lifti na mwenye nyumba angeweza kuchagua chini. Lakini kutoka juu, alisema, anaona mbuga. Na kweli nilipohamia ungesimama kwenye dirisha lao ukaona uwanda wote mpaka vilima vya Ngong, na asubuhi nyingine pundamilia. Miaka ikapita, jirani wa mbele akajenga orofa tano, wa kando akajenga sita. Siku moja Mzee akaamka akafungua pazia akakuta ukuta, na juu ya ukuta suruali za watu zimeanikwa. Upepo nao ukakatika. Nyumba zetu zikawa za joto mchana na za moshi jioni, maana pale nyuma ndipo watu wa ploti zote walipochomea taka. Ukifungua dirisha unameza moshi, ukilifunga unapikwa. Mzee alifungua, akafunga, akafungua tena, na akaendelea kuisifu nyumba.

Alikuwa na hadithi za kutembea kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Wakati wa ukame, akiwa kijana, waliswaga ng'ombe wakafika hadi karibu na Entarara, chini ya mlima, wakilala njiani na kuamka na kwenda tena, na mguu haukujua kuchoka. Alisimulia hayo akiwa ameketi kwenye pikapu, injini inanguruma, akisubiri Yeiyo ashuke wavuke barabara kwenda kanisani. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Ungeweza kumwita mtu aliye kule bila kupaza sauti sana. Lakini mjini, kwa hesabu ya Mzee, mtu anayetembea ni mtu ambaye hajafaulu. Alimwonea huruma kila mwenye viatu vya vumbi. Mimi nilipomwambia kwamba jioni hushuka kituo kimoja mbele ili ninyooshe miguu baada ya kukaa kwenye cherehani, alinipa pole ile ile ya ng'ombe.

Na chakula je? Nyumbani kwao nyama ilikuwa ikichemshwa na magome ya olkiloriti, mti wao ule mchungu, na supu inakuwa nyekundu nyeusi, inakukunja uso. Mzee aliisema supu ile mpaka unaisikia mdomoni. Lakini mjini nyama ilikuja bila mti. Ilikuja imekaangwa, ina chumvi, na pembeni ina viazi vya kibanda cha chini, vilivyopikwa kwenye mafuta ambayo hakuna aliyejua yalimiminwa lini. Mzee alivipenda viazi hivyo kama mtoto. Aliongeza chumvi kabla hajaonja. Yeiyo alimkaripia kwa Kimasai na yeye alijibu kwa Kiswahili, ili sisi wote tusikie, kwamba mtu hawezi kujenga nyumba kubwa hivi kisha akatazwa chumvi.

Jambo lililonichekesha zaidi, na sasa linaniuma, ni la baa. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, hakuwahi kuonja pombe, na orofa ya chini aliipangisha mtu wa baa. Alisema Mungu anajua kwamba alipangisha kuta, siyo chupa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na kanisa jingine jipya la mabati lenye spika zinazotazama juu. Wale wakichoka hawa wanaanza. Sisi wapangaji tulilala kwa kujifunika mito. Mzee na Yeiyo, waliolala juu ambako sauti zote zilikutana, hawakulala. Alizoea kusema usingizi umekuwa mgeni mwenye aibu, unabisha hodi, ukisikia watu wengi ndani unarudi kwao. Tulicheka. Alisema vizuri, na mtu anayesema vizuri watu husahau kumuuliza kama anaumwa.

Nafikiri ndivyo tulivyomkosa. Kila kitu chake tulikisoma kuwa sifa. Kulikuja wakati salamu zake za ngazini zikawa ndefu kuliko zamani. Alisimama kwenye kila kona, akauliza mpaka shangazi, mpaka mbuzi, mpaka bei ya maharagwe, mkono umeshika chuma. Tukasema Mzee anavyozeeka ndivyo anavyozidi kuwa na utu. Kisha akaacha viatu vya kufunga na kuanza kuvaa akala za mpira wa gari, zilizo wazi, hata kanisani. Tukasema Mzee amekumbuka mila. Yeiyo akatuambia kwamba siku hizi halali kitandani, analala ameketi kwenye kiti karibu na dirisha. Tukasema anatulinda, na kweli mwaka ule wezi hawakuingia kwetu.

Halafu ikaja habari ya moyo mkubwa.

Alikuwa amekwenda kwenye zahanati moja pale mjini kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Alikwenda peke yake, kwa pikapu. Wakampima, wakampiga picha ya kifua, na kijana aliyemhudumia akamwambia, kwa haraka, kuna foleni, "Mzee, wewe uko na moyo mkubwa." Akampa vidonge na kumwambia arudi na mtu wa familia.

Sasa fikiria mtu ambaye maisha yake yote, kwenye kila mchango wa kanisa na wa shule, amesimamishwa mbele ya watu akaambiwa ana moyo mkubwa. Mzee aliyasikia maneno yale akaona sayansi nayo imefika. Alirudi akipiga honi kutoka langoni. Akatuita wapangaji tuliokuwepo, akapanda ngazi akitusalimia kila kona, na kule juu akaibandika ile eksirei kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, mahali mwanga ulipopita, akatuonyesha kwa fimbo. Kile kivuli cheupe katikati ya mbavu kilikuwa kimejaa kifua kizima.

"Muone wenyewe," alisema. "Mimi nilikuwa nafikiri ni watu wananisifu tu."

Na Jumamosi iliyofuata akachinja mbuzi. Sisemi kwa mfano, alichinja mbuzi kwenye paa, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, akaita kanisa, akaita wapangaji, hata wale aliowanunia. Mchungaji aliomba, akataja moyo wa Mzee kwa jina. Mimi niliimba. Tulikula ile nyama kwa chumvi yake yote na kumtakia maisha marefu. Vidonge alivitumia siku chache kisha akaviacha, maana vidonge ni vya wagonjwa. Eksirei ilibaki dirishani miezi mingi, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa moyo kabla hajapewa chai. Kwa hiyo ile miezi ambayo angekuwa anatibiwa, sisi tulikuwa tunampongeza.

Kuanguka kwake kulikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Tulikutana kwenye kona ya orofa yangu, ya tatu. Takwenya. Iko. Watoto, mama, mvua. Akauliza ng'ombe, nami nikaanza kumwambia kwamba ndama amekua, nikaona hasikilizi jibu. Alikuwa akiangalia ukuta, midomo imebadilika rangi. Akaketi kwenye ngazi, pole pole, kwa heshima zake zote. Ndipo nikasikia pumzi yake. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyekimbia, na alikuwa amesimama muda wote huo. Nilielewa pale pale, kabla sijaambiwa na daktari yeyote. Mzee hakuwa akitusalimia. Kwenye kila kona alikuwa akitafuta pumzi, na kwa sababu hakutaka tujue, alituuliza habari za nyumbani mpaka pumzi irudi.

Yeiyo alikataa zahanati za pale. Alitaka daktari atakayezungumza na mumewe kwa lugha yao, basi kijana wao mkubwa, ndiye msimamizi wa ploti mpaka leo, akaendesha gari hadi Kajiado mjini, mimi na Yeiyo nyuma tumemshika Mzee ameketi wima. Daktari tuliyempata alikuwa msichana wa kwao kabisa. Kabla ya kugusa chombo chochote alimwinamishia Mzee kichwa, kama mtoto anavyofanya mbele ya mkubwa, naye Mzee akamwekea mkono utosini. Nikaona mabega ya Mzee yanashuka. Daktari akaketi, akabonyeza mguu wake kwa kidole, na alipokiondoa shimo likabaki pale pale kwenye ngozi. Akamvua zile akala mwenyewe. Zilikuwa zimemwachia alama, miguu ilikuwa imevimba kiasi cha kutoingia kwenye kiatu kingine chochote.

Aliuliza habari za nyumba kuliko za moyo. Unalala wapi, chini kuna nini, dirisha linatazama nini, unatembea saa ngapi, chumvi nani anaweka. Kisha akaeleza, kwa Kimasai kwanza, na halafu kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Presha imekuwa juu miaka mingi bila dalili, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu kila siku, na msuli ukisukuma hivyo hupanuka. Ukishapanuka sana unalegea. "Sio mkubwa wa kusifiwa, mzee wangu," alimwambia. "Ni mkubwa wa kuchoka." Mzee akaangalia zile akala sakafuni. Kisha akasema kwa Kiswahili, nafikiri ili nisikie na mimi niliyekula, "Kumbe ile mbuzi nilichinjia ugonjwa."

Yeiyo alicheka mpaka akashika ukuta, na akiwa bado anacheka machozi yakageuka yakawa ya kweli.

Daktari hakulaumu ploti peke yake. Alisema presha ina mambo mengi, mengine mtu anazaliwa nayo, na huko kwenye ng'ombe pia watu wanaugua. Lakini alisema mtu asiyelala, anayepumua moshi, anayekula chumvi na mafuta, na asiyekuwa na mahali pa kutembea, dawa inafanya kazi ikivutwa nyuma. Vidonge kila siku mpaka mwisho wa maisha. Chumvi aisahau. Alale. Atembee kidogo kidogo. Kama kuna nyumba nyingine tulivu, afikirie.

Nyumba nyingine ilikuwepo. Walikuwa na boma lao nje ya Kajiado, la mabati, lenye ng'ombe wachache na mlinzi. Na hapo ndipo vita vilipoanza, maana Mzee alikubali kila kitu isipokuwa hicho. Vidonge alimeza. Chumvi aliacha, akiilalamikia kama mtu aliyeachwa. Lakini kutoka kwenye jengo lake alilolijenga mwenyewe akalale kwenye mabati, kama mtu aliyeshindwa na mji, hapana. Kijana wake naye alitaka abaki, kwa sababu hospitali ziko karibu, na sikumlaumu. Ni Yeiyo peke yake aliyetaka waondoke.

Basi Mzee akajaribu kuirekebisha ploti ikubali moyo wake. Alimtoa mtu wa baa. Chumba kikakaa wazi, tukalala majuma machache kama wafalme, kisha kijana wake akakipangisha mafundi wa kuchomelea mageti, na kelele zikahamia mchana. Alijaribu kutembea barabarani. Hakuna njia ya miguu pale, kuna mtaro, mawe, na boda boda zinazopita popote penye nafasi ya gurudumu, na moja ikamgonga fimbo ikaruka mpaka mtaroni. Mwishowe akawa anatembea juu ya paa. Nikienda kuanika nguo nilimkuta akizunguka, kati ya matangi na mashuka yetu yaliyolowa, akifika ukingoni anageuka. Siku moja hatukusalimiana kwa muda mrefu. Aliniambia tu kwamba hapa, upande huu, ndipo fahali wao mkubwa alipokuwa akilala, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile huzuni kwenye sauti yake.

Yeiyo ndiye aliyekata shauri. Alifunga vitu vyake akahama peke yake. Hakugombana, hakulia, alisema tu kwamba yeye anakwenda kulala usingizi, na anayetaka atamfuata. Mzee alikaa juu kule siku kadhaa akijifanya anaendelea vizuri. Alikuja kwangu kuomba chai, akaja tena, akaja na kikombe chake. Siku iliyofuata nilimwona kwenye pikapu, kijana wake akiendesha, godoro limefungwa nyuma. Hakututazama. Ile eksirei aliiacha dirishani, ikakaa pale mpaka jua likaifuta.

Huko Kajiado alipata nafuu, na nitasema wazi kwamba haikuwa miujiza. Moyo uliochoka haurudi kuwa wa kijana. Lakini alilala. Kila asubuhi Yeiyo alimsimamia ameze dawa, kisha Mzee akawafuata ndama polepole, umbali mdogo, akaketi, akawafuata tena. Miguu ikapungua. Alikuwa akinipigia simu kuniambia kwamba jana amelala kitandani, amelala chali, kama binadamu. Alifariki mvua za Aprili zilipoanza, nyumbani, asubuhi, Yeiyo akiwa anamkamulia maziwa ya chai. Nilimpenda Mzee yule. Sikupata kumwambia hivyo, lakini namna tulivyosalimiana nadhani ilitosha.

Siku hizi naishi Kisaju, nyumba ya chini, yenye ua wa miba na upepo usiozuiliwa na mtu. Nalala. Watu wa kiwandani huniuliza nilipata wapi akili ya kuhama baada ya miaka yote ile, nami huwaambia haikuwa akili yangu.

Mara ya mwisho nilimwona sikukuu ya Krismasi kabla ya kifo chake, nikiwa bado mpangaji wake. Mwende alikuwa ameshaolewa, nilikuwa peke yangu, nikaona niwapelekee Mzee na Yeiyo kuku na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa ambayo alipenda kuyacheka kabla ya kuyala. Nilishuka barabarani nikashika njia ya kwenda bomani. Ni njia nzuri, ina mwinuko kidogo, migunga huku na huku. Nilimkuta mama mmoja akichota maji kwenye tangi, nikasimama nikamsalimia, nikamuuliza watoto na mvua. Mbele kidogo nikamkuta mchungaji wa mbuzi, nikasimama nikamuuliza mbuzi. Nilipofika langoni nikasimama tena, nikaanza kumsalimia Yeiyo kutoka mbali, mkono mmoja umeshika nguzo.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda upande wa zizi. Kutoka pale njia yote inaonekana. Alikuwa amekonda, uso umekuwa mwepesi, akala miguuni zimelegea. Nilipomfikia sikusikia takwenya. Alinitazama tu.

"Mama Mwende," akasema, "siku hizi unasalimia sana."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nilisalimia watu miaka mingi," akasema. "Hiyo kazi naijua."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Mwende. Nesi wa kiwandani alikuwa amenipima presha, akapima tena, akaniambia nisichelewe kwenda hospitali, na mimi nikarudi kwenye cherehani. Nilimwambia Mzee pale pale, nikiwa nimesimama na kuku mkononi. Akaniuliza kama nalala. Nikamwambia mafundi wa mageti siku hizi wanafanya kazi mpaka usiku, na kanisa limenunua spika mpya. Akaniuliza kama bado nashuka kituo kimoja mbele. Nikamwambia pale kituoni wamejenga, hakuna pa kupita.

Tukala. Akaicheka muthokoi, akaila. Baada ya chai akaniomba niinuke tutembee kidogo na ndama, na tulipofika chini ya mgunga wa kwanza akasimama, tukasimama wote wawili, tukivuta pumzi bila kuulizana chochote.

"Nakupatia notisi," akasema.

Nilidhani ni mzaha wake. Nikamuuliza ni kosa gani nimefanya, taka au maji.

"Toka kwa hiyo nyumba yangu. Mimi ndio nilijenga, najua vile iko. Kesho uende kwa ule msichana wetu hospitali, na mwisho wa mwezi utoke."

Nikamwambia haiwezekani. Kazi iko Athi River, nyumba yake ndiyo mshahara wangu unaifikia, na kule ndiko nilikomlea Mwende na kumuuguza baba yake. Nikamwambia nimeizoea.

"Hata mimi nilizoea," akasema, kisha akageuka kuwarudisha ndama, na hakulitaja tena jambo lile mpaka nilipoaga.

Njiani kurudi nilimkasirikia kidogo. Ni rahisi kumwambia mtu ahame ukiwa na boma la kuhamia. Nikajiambia ni maneno ya mgonjwa, kesho atakuwa amesahau.

Nilifika Kitengela jua likiwa linazama. Kijana wake alikuwa amesimama langoni, simu mkononi, na nilivyomwona anatazama viatu vyake nikajua.

"Mama Mwende, baba amepiga," akasema. "Amesema mwisho wa mwezi unahama. Amesema nikutafutie nyumba ya chini huko Kisaju, na hapa nisikukubalie hata siku moja." Akakuna shingo. "Na amesema hata ukilia nisikusikilize."

Nililia. Nililia pale langoni mbele ya wapangaji, nikamwambia mambo mengi, na yule kijana, kwa heshima zote, hakunisikiliza.